MAISHA YA JOHAN KJELDAHL, MPIMAJI WA RUTUBA YA UDONGO NA MIMEA

Katika maabara za udongo, kuanzia Kawanda karibu na Kampala hadi Copenhagen nchini Denmark, jina la Kjeldahl hutamkwa karibu kila siku ya kazi. Wengi wanaolitamka hawamkusudii mtu. Wanakusudia kazi ya kupima naitrojeni iliyomo katika udongo, majani, nafaka au chakula cha mifugo. Hata chupa ya kioo yenye tumbo la mviringo na shingo ndefu, ambayo hutumika katika kazi hiyo, huitwa kwa jina hilo hilo. Mwenye jina, Johan Gustav Christoffer Thorsager Kjeldahl, alifariki mwaka 1900. Hakuongoza jeshi wala serikali, na hakuacha hazina ya dhahabu. Aliacha kipimo cha kweli. Askari, ambaye hupigana kwa kutegemea hesabu ya risasi zake na hula kwa kutegemea hesabu ya ghala lake, anajua thamani ya kipimo cha kweli. Kwa sababu hiyo inafaa wapiganaji na polisi wayajue maisha ya mtu huyu.

KUZALIWA NA MASOMO

Kjeldahl alizaliwa tarehe 16 Agosti 1849 katika kijiji cha Jægerspris, katika kisiwa cha Sjælland nchini Denmark. Baba yake alikuwa daktari. Mtoto huyo alipozaliwa, nchi yake ilikuwa vitani kwa ajili ya majimbo ya Schleswig na Holstein yaliyo kusini mwa Denmark. Vita hivyo vya kwanza Denmark ilivimaliza bila kuyapoteza majimbo hayo. Vita vya pili vilizuka mwaka 1864, wakati Kjeldahl alikuwa kijana wa miaka 14. Safari hii majeshi ya Prussia na Austria yalikuwa na nguvu iliyoishinda Denmark kabisa, na majimbo yote mawili yakapotea.

Nchi ndogo iliyoshindwa vitani ina njia mbili. Yaweza kukaa ikilia juu ya ardhi iliyopotea, au yaweza kuitazama upya ardhi iliyobaki. Wadenmark walichagua njia ya pili. Mwaka 1866 ofisa mmoja wa jeshi, mhandisi Enrico Dalgas, aliyekuwa amepigana katika vita vyote viwili, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha kufufua nyika za mchanga katika rasi ya Jutland. Miti ikapandwa, maji yakaelekezwa, na mahali palipokuwa na majani makavu pakaanza kuota nafaka. Hivyo ndivyo taifa hilo lilivyojifunza kwamba udongo nao ni uwanja wa kulijenga taifa, na kwamba uwanja huo unahitaji upelelezi kama uwanja wa vita.

Katika hali hiyo Kjeldahl alikua na kusoma. Alimaliza shule ya sekondari mjini Roskilde mwaka 1867, kisha akaingia katika chuo cha ufundi cha Copenhagen na kuhitimu mwaka 1873. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya msaidizi wa maabara katika chuo cha kifalme cha mifugo na kilimo, chini ya mkemia Barfoed. Hapo alijifunza adabu ya maabara, yaani kupima, kuandika alichokipima, na kupima tena kabla ya kusema.

MAABARA ISIYOFICHA SIRI

Wakati huo mjini Copenhagen aliishi tajiri mmoja mwenye fikra zisizo za kawaida, J. C. Jacobsen. Mwaka 1847 alijenga kiwanda cha bia juu ya kilima, akakiita Carlsberg, yaani kilima cha Carl, kwa jina la mwanawe. Jacobsen aliona kwamba watengenezaji wa bia walifanya kazi kwa mazoea. Pipa moja lilitoka zuri na la pili likaharibika, na hakuna aliyeweza kueleza sababu. Mwaka 1875 alianzisha maabara kando ya kiwanda chake na akamwajiri Kjeldahl, aliyekuwa na umri wa miaka 25. Mwaka uliofuata Jacobsen aliunda mfuko wa kuilinda maabara hiyo na kuukabidhi kwa wanasayansi, na Kjeldahl akawa mkuu wa idara ya kemia.

Sharti moja la Jacobsen linastahili kukumbukwa. Aliagiza kwamba tokeo lolote la maabara hiyo lenye manufaa kwa elimu au kwa kazi lisifichwe, bali litangazwe kwa watu wote, hata kama washindani wake katika biashara wangefaidika nalo. Sisi tuliozoea nyaraka za siri tunaelewa kwamba ziko habari zinazopaswa kufungwa ndani ya kabati. Lakini elimu ya kulisha watu haimo katika kabati hilo. Bila sharti lile, huenda kipimo cha Kjeldahl kingebaki ndani ya kuta za kiwanda kimoja cha bia.

Maabara hiyo ilikuwa pia shule. Mwaka 1881 aliingia msaidizi kijana, Wilhelm Johannsen, mtoto wa ofisa wa jeshi ambaye baba yake hakuweza kumlipia masomo ya chuo kikuu. Alikuwa amejifunza kazi katika duka la dawa. Johannsen alifanya kazi chini ya Kjeldahl kwa miaka kadhaa, na baadaye akawa bingwa wa elimu ya urithi wa viumbe. Neno jeni, linalotumika leo duniani kote, alilitunga yeye mwaka 1909.

SHIDA YA SHAYIRI

Bia hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa kidogo na kukaushwa ikawa kimea. Ndani ya punje ya shayiri mna wanga, ambao hugeuka sukari, na mna protini. Kjeldahl alitakiwa kuifuata protini hiyo hatua kwa hatua, kutoka katika punje kavu, ikiingia katika kimea, hadi ndani ya pipa. Protini za aina zote zina naitrojeni, na kwa wastani naitrojeni hiyo ni karibu asilimia 16 ya uzito wake. Kwa hiyo anayeijua naitrojeni aweza kukadiria protini kwa kuizidisha kwa 6.25.

Naitrojeni ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, kiasi cha asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila hivi hivi kutoka hewani. Huipata kupitia udongo na mbolea, au kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika mizizi ya jamii ya maharage. Mmea ukiikosa, majani yake ya chini hugeuka manjano, bua hudumaa, na punje huwa chache. Kwa hiyo swali la mtengeneza bia lilikuwa pia swali la mkulima.

Njia za kuipima zilikuwapo, ila zilikuwa ngumu. Mfaransa Jean-Baptiste Dumas alikuwa ameonyesha, katika miaka ya 1830, namna ya kuichoma sampuli pamoja na oksaidi ya shaba, kuikusanya gesi ya naitrojeni na kuupima ujazo wake. Njia hiyo ilikuwa sahihi, lakini ilihitaji mikono ya fundi stadi na muda mrefu kwa kila sampuli. Mwaka 1841 Wajerumani Varrentrapp na Will walileta njia nyingine ya kuchoma sampuli pamoja na chokaa na magadi makali. Ilikuwa rahisi zaidi, lakini haikutoa naitrojeni yote katika vitu vya kila aina. Mtu mwenye sampuli 100 za shayiri mezani hakuweza kuzimaliza kwa njia hizo kabla ya msimu kupita.

KIPIMO CHA MWAKA 1883

Tarehe 7 Machi 1883 Kjeldahl alisimama mbele ya wanakemia wenzake mjini Copenhagen na kueleza njia mpya. Mwaka huo huo aliichapisha, pia katika jarida la Ujerumani lililosomwa na wanakemia wa nchi nyingi. Njia yenyewe ina hatua tatu, na hata leo mpangilio wake haujabadilika.

Hatua ya kwanza ni kumeng'enya. Sampuli iliyokaushwa, kusagwa na kupimwa uzito huwekwa ndani ya chupa ya shingo ndefu pamoja na tindikali nzito ya salfuriki, kisha huchemshwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 300. Majani, mizizi au mabaki ya viumbe yaliyomo katika udongo huvunjika kabisa. Kaboni hutoka kama gesi. Naitrojeni haitoki, kwa maana tindikali huikamata na kuigeuza chumvi ya amonia. Kimiminiko ambacho mwanzoni kilikuwa cheusi kama lami hutakata, na kutakata huko ni dalili kwamba kazi inakaribia kukamilika.

Hatua ya pili ni kukeneka. Chupa ikishapoa, huongezwa maji na magadi makali mpaka tindikali ishindwe nguvu. Hapo amonia hufunguliwa kutoka katika chumvi yake, ikapanda pamoja na mvuke, ikapita katika mrija uliopozwa kwa maji, na kudondokea katika chombo cha pili chenye tindikali ya kuipokea.

Hatua ya tatu ni kuhesabu. Mpimaji hudondosha kimiminiko chenye nguvu inayojulikana, tone kwa tone, kutoka katika mrija wenye alama uitwao bureti, mpaka rangi igeuke. Idadi ya mililita zilizotumika humwambia ni amonia kiasi gani iliyofika. Tuseme gramu 1 ya udongo mkavu imehitaji mililita 10 za tindikali yenye nguvu ya moli 0.01 kwa lita. Hiyo ni sawa na miligramu 1.4 za naitrojeni, yaani asilimia 0.14 ya udongo ule.

Ubora wa njia hii ulikuwa wepesi wake. Chupa nyingi huweza kuchemka kwa safu, bega kwa bega kama askari kwenye gwaride, na mtu mmoja akazisimamia zote. Kazi iliyomtaka bingwa mmoja kwa sampuli moja ikawa kazi ya msaidizi aliyefunzwa vizuri kwa sampuli nyingi.

Pamoja na sampuli, mpimaji huchemsha chupa moja isiyo na udongo wala majani ndani yake, yenye dawa peke yake. Kiasi chochote kinachoonekana katika chupa hiyo tupu hutolewa katika hesabu ya nyingine zote, kama vile mtunza ghala anavyotoa uzito wa gunia kabla ya kuandika uzito wa mahindi. Sampuli hupimwa mara mbili, na tokeo lisilolingana na ndugu yake halikubaliwi. Polisi anayeandaa ushahidi kwa ajili ya mahakama ataitambua adabu hiyo mara moja.

KUENEA NA KUREKEBISHWA

Mwaka 1884 wakemia wa kilimo wa Marekani waliunda chama chao kwa sababu wafanyabiashara wa mbolea waliwauzia wakulima mifuko isiyo na nguvu iliyoandikwa juu yake, na kila maabara ilitoa jibu lake. Katika miaka michache njia ya Kjeldahl ikawa miongoni mwa vipimo vyao rasmi. Wengine wakaikamilisha. Wilfarth aliongeza, mwaka 1885, madini ya kuharakisha umeng'enyaji, na Gunning mwaka 1889 akaongeza salfeti ya potasiamu ili tindikali ichemke kwenye joto la juu zaidi. Zebaki, iliyotumika sana zamani, imeachwa na maabara nyingi kwa sababu ya sumu yake, na shaba ikachukua nafasi yake.

Njia hiyo ilifika pia kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1993 kilichapishwa mjini Nairobi kitabu cha mwongozo wa kupima udongo na mimea, kilichoandikwa na Okalebo, Gathua na Woomer, na ndani yake umeng'enyaji wa Kjeldahl umeelezwa kwa namna inayoweza kufuatwa na maabara isiyo na mali nyingi.

MIPAKA YA KIPIMO

Kila silaha ina masafa yake, na kipimo nacho kina mipaka yake. Njia ya kawaida ya Kjeldahl huhesabu naitrojeni ya viumbe na ya amonia. Naitrojeni iliyo katika hali ya naitreti haihesabiwi yote, na ile iliyofungwa katika misombo kama ya baruti za TNT haitoki kamili, mpaka dawa nyingine itangulizwe kuibadilisha. Mpimaji asiyejua hilo ataandika pungufu na kuamini kwamba ameandika kweli.

Mpaka wa pili ni wa hatari zaidi. Kipimo hiki kinaona naitrojeni tu. Hakiulizi imetoka wapi. Mwaka 2008 nchini China watu waovu walitia maji katika maziwa, kisha wakatia melamini, unga wa kiwandani ambao theluthi mbili za uzito wake ni naitrojeni. Kipimo kikaonyesha protini nyingi mahali palipokuwa na maji na sumu. Watoto wachanga 6 walifariki na wengine karibu 300,000 wakaugua. Kjeldahl alikuwa amekufa miaka 108 kabla ya uhalifu huo, na kipimo chake hakikusema uongo. Kiliulizwa swali moja, kikalijibu, na watu wakalichukua jibu hilo kama jibu la swali jingine. Mpelelezi yeyote aliyewahi kupotoshwa na ushahidi wa kweli anaujua mtego huo.

KIFO CHAKE

Kjeldahl hakuwahi kuihama maabara ya Carlsberg. Katika miaka ya 1890 alikuwa mwanachama wa jumuiya ya kifalme ya sayansi ya Denmark, na jina lake lilijulikana katika maabara za Ulaya na Marekani. Tarehe 18 Julai 1900, akiwa likizoni katika ufuko wa Tisvildeleje, aliingia baharini kuoga na mauti yakamkuta humo majini. Ulikuwa umebaki chini ya mwezi mmoja atimize miaka 51. Nafasi yake ilishikwa mwaka 1901 na S. P. L. Sørensen, ambaye mwaka 1909, katika maabara hiyo hiyo, alibuni kipimo cha pH ambacho leo hueleza ukali wa tindikali katika kila sampuli ya udongo.

Baada ya zaidi ya karne moja, mashine za kisasa zimeirudia njia ya Dumas ya kuchoma, na hutoa jibu kwa dakika chache bila tindikali inayochemka. Lakini mashine hizo ni ghali, na zinataka gesi safi na umeme usiokatika. Kwa hiyo chupa ya shingo ndefu ingali kazini katika maabara nyingi.

FUNZO KWETU

Askari wa siku hizi hayuko mbali na jembe. Kambi nyingi zina mashamba, na wengi wetu tunapostaafu hurudi katika ardhi ya wazazi. Nchini Uganda, mwaka 2013, maofisa wa jeshi walitumwa wilayani kusimamia ugawaji wa mbegu na miche kwa wakulima. Kazi ya namna hiyo humfundisha ofisa yeyote kwamba mbegu njema ni nusu ya jambo. Nusu nyingine imo ndani ya udongo, na udongo hausemi mpaka upimwe.

Tufanye hesabu. Udongo wa juu wa hekta 1, kwa kina cha sentimita 15, una uzito wa kilo 2,000,000 hivi. Udongo wenye asilimia 0.1 ya naitrojeni una kilo 2,000 katika hekta hiyo. Mkulima aweza kudhani ni tajiri, lakini sehemu kubwa kabisa ya akiba hiyo imefungwa ndani ya mboji, na kila mwaka ni asilimia chache tu zinazofunguliwa kwa ajili ya mmea. Upande wa pili, kila tani 1 ya mahindi makavu inayoondoka shambani huchukua takriban kilo 15 za naitrojeni. Anayevuna miaka 20, akachoma mabua na asirudishe samadi, mbolea wala maharage, anatumia akiba ya ghala bila kuandika katika daftari. Siku ghala litakapoonekana tupu, hakutakuwa na wa kumlaumu.

Kwa polisi hesabu ni nyingine. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya yurea unapaswa kuwa na kilo 23 za naitrojeni. Jicho haliwezi kuziona kilo hizo, wala mkono hauwezi kuzihisi. Mwizi aliyechanganya mbolea na kitu kingine anategemea jambo hilo tu, kwamba hakuna atakayepima. Mfuko uliofungwa vizuri kama kielelezo, ukapelekwa kwa mkemia wa serikali, humwondolea mwizi huyo ngao yake yote, na humwokoa mkulima ambaye amekwisha kulipa fedha zake na anaingoja mvua.

Johan Kjeldahl alitafuta namna ya kupima shayiri ya bia, akapata namna ya kupima rutuba ya mashamba ya dunia. Aliitoa bila kuificha, wengine wakairekebisha, na wanaoitumia leo hawalazimiki kumkumbuka. Yeye mwenyewe haonekani kuwa alidai zaidi ya hayo. Lililobaki kwetu ni dogo na liko ndani ya uwezo wetu: kabla ya kupanda msimu ujao, tuchukue udongo kutoka pembe kadhaa za shamba, tuuchanganye, tuukaushe kivulini, na kuupeleka maabara.